Maswali ya Wasomaji: Nitaviachaje vitu vilivyobeba watu wangu?

Toleo hili tunajibu barua tatu zinazohusu jambo moja, nalo ni kurundika vitu nyumbani hadi nyumba ikashindwa kukalika. Barua ya kwanza tumeichapisha karibu yote, kwa sababu mwenye kuiandika amefika mahali ambapo wengi wanaopona ugonjwa huu hukwama, na anauliza kwa uwazi ambao sijauona mara nyingi. Majina ya wote yamehifadhiwa.

Kwako Mshauri,

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, mjane mwenye umri wa miaka 67, na ninaishi Migosi hapa Kisumu. Kwa zaidi ya miaka kumi nyumba yangu ilikuwa imejaa vitu kiasi kwamba vyumba viwili kati ya vitatu havikuingilika, na jikoni nilikuwa nikipita kwa ubavu. Sikumkaribisha mtu ndani. Mgeni akibisha hodi nilitoka, nikavuta mlango nyuma yangu, nikampa kiti chini ya mwembe na kujifanya kwamba ndani kuna joto. Mwaka juzi rundo la magazeti lilimwangukia mjukuu wangu wa miaka mitano. Hakuumia sana, lakini nilipomwona akitolewa chini ya makaratasi yale nilikubali kwenda hospitali, na huko nikaelekezwa kwa mshauri wa afya ya akili, ambaye alinieleza kwamba ninachougua kina jina na kina matibabu.

Nimeendelea vizuri. Magazeti niliwauzia wauza karanga na wenye mabucha. Makopo na mabati alikuja kuyachukua kijana wa chuma chakavu kwa mkokoteni, safari sita. Mifuko ya plastiki niliyoificha tangu ilipopigwa marufuku mwaka 2017 ilijaza magunia manne. Hata vitabu vya mtaala wa 8-4-4 nilivitoa, ingawa nilibishana na nafsi yangu wiki mbili nzima, nikijiambia kwamba huenda mtaala ule ukarudi, ilhali nilijua fika kwamba mtihani wa mwisho wa darasa la nane ulifanywa mwaka 2023.

Sasa kimebaki chumba kimoja, na hapo nimekwama, kwa sababu vilivyomo si takataka. Kuna suti tatu za marehemu mume wangu, aliyekuwa karani wa reli hapa Kisumu, pamoja na koti lake la mvua. Kuna masanduku mawili ya bati yaliyojaa leso, doti 38 nilipozihesabu. Kuna madaftari ya wanafunzi wangu na barua walizoniandikia tangu mwaka 1984. Na kuna kikapu cha nguo za binti yangu wa pili, aliyefariki mwaka 1991 akiwa na mwaka mmoja na miezi minne. Mwanangu mkubwa, anayeishi Nairobi, ananiambia kwa upendo kabisa kwamba nivichome vyote siku moja nipumzike. Mshauri wangu hanilazimishi. Lakini kila ninaposhika kitu kimoja mikono hulegea, na naona kama ninawazika watu wangu mara ya pili. Je, ni lazima niviache? Na kama ni lazima, nianzie wapi?

*Mama wa Migosi, Kisumu*

Jibu

Mwalimu, pokea kwanza heshima zangu, na pole kwa misiba miwili iliyo ndani ya barua yako. Mtu akiisoma haraka ataona mkokoteni ulioondoka mara sita basi. Mimi nimeona mtu aliyekaa chini akaamua kopo moja moja, karatasi moja moja, huku kila uamuzi ukimuuma. Hiyo ni kazi nzito, na umeifanya katika umri ambao ugonjwa huu kwa kawaida huwa umeota mizizi, maana dalili zake huanza ujanani kwa wengi na huzidi kadiri miaka inavyosonga, hasa mtu akifiwa.

Swali lako la kwanza nalijibu bila kuzunguka: si lazima uviache vyote. Kupona si kubaki na kuta tupu. Shirika la Afya Duniani, katika toleo la 11 la orodha yake ya magonjwa lililoanza kutumika Januari 2022, limeueleza ugonjwa wa kulimbikiza vitu kwa kuangalia jinsi nyumba inavyotumika: vitu vimejaa hadi mahali pa kuishi hapatumiki au si salama, na mtu anateseka kwa hilo. Mama mwenye nyumba inayopitika, anayelala kitandani, anayepika jikoni bila kujibana, na ambaye ana kikapu kimoja cha nguo za mtoto wake juu ya kabati, si mgonjwa kwa sababu ya kikapu hicho. Yeye ni mama.

Sasa kuhusu mikono kulegea. Huo si udhaifu wa roho, wala usikubali mtu akuambie hivyo. Mwaka 2012 mtafiti wa Marekani, David Tolin, na wenzake walichapisha matokeo ya uchunguzi ambamo watu wenye tatizo hili waliulizwa waamue karatasi zipi zihifadhiwe na zipi zikatwekatwe, huku ubongo wao ukipigwa picha. Karatasi nyingine zilikuwa zao, nyingine za watafiti. Kwa karatasi za wengine, sehemu za ubongo zinazohusika na kupima umuhimu wa jambo zilikuwa zimetulia kupita kawaida. Kwa karatasi zao wenyewe, sehemu hizo hizo ziliwaka kupita kiasi. Ndiyo maana unaweza kumsaidia jirani yako kupanga nyumba asubuhi moja, kisha ukirudi kwako ushindwe na kitambaa kimoja. Kitu kikiwa chako, mwili wako unakipokea kama jambo la kufa na kupona. Hali hiyo hupungua kwa mazoezi, na haipungui kwa kukemewa.

Lakini nina jambo ninalotaka ulitafakari, nalo ndilo ninaloliamini kuliko yote nitakayoyasema hapa. Katika nyumba iliyorundikwa, vitu vya thamani ndivyo vinavyoumia zaidi. Miaka iliyopita niliketi na mama mmoja aliyetafuta picha yake ya harusi kwa siku mbili. Alijua ipo, alikuwa amekataa kuondoa chochote katika chumba kile kwa sababu picha ilikuwa humo. Tulipoifikia, chini ya magunia ya nguo, mchwa walikuwa wamepita. Fremu ilikuwa nzima, kioo kilikuwa kizima, na nyuma ya kioo palikuwa na udongo mwekundu, na mkono wa bwana harusi ukiwa umelala juu ya bega la bibi harusi, bila uso wa yeyote kati yao. Mama yule hakulia. Alifuta kioo kwa ncha ya leso, akakitazama tena, akasema, “Nilidhani ninamtunza.”

Kwa hiyo kabla ya kuuliza uache nini, ingia chumba kile mchana, fungua dirisha, na ukague hali ya kila kitu. Joto na unyevu wa Kisumu havina huruma kwa sufu wala kwa karatasi. Tazama kama makwapa ya suti yameshikwa na ukungu, kama panya wametoboa madaftari, kama bati la sanduku limeanza kutu na kutia madoa leso za chini. Usiamue lolote siku hiyo. Nataka tu uone kwa macho yako tofauti kati ya kuwa na kitu na kukienzi, kwa sababu kuanzia hapo swali litabadilika. Hutajiuliza tena kama unampenda mumeo kiasi cha kutupa koti lake. Utajiuliza ni vitu gani vyake ambavyo una nafasi na nguvu ya kuvitunza kama inavyostahili.

Anza na madaftari, kwa kuwa yanauma kidogo kuliko mengine. Mazoezi ya hesabu ya mtoto wa darasa la nne wa mwaka 1984 yalikwisha kazi yake siku ulipoyasahihisha, na mtoto huyo leo ni mtu mzima mwenye hesabu zake. Barua ni jambo jingine. Nunua faili moja ngumu, moja tu, uzichague barua zitakazoingia humo, na faili ikijaa, barua mpya isiingie mpaka nyingine itoke. Kama unajua aliko mwanafunzi aliyekuandikia, mrudishie barua yake; sidhani kuna zawadi kubwa kuliko mtu wa miaka 50 kupokea mwandiko wake wa utotoni kutoka kwa mwalimu aliyeuhifadhi.

Wengi watakushauri upige picha kila kitu kwa simu kabla ya kukitoa. Ushauri huo una msingi: utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017 ulionyesha kwamba wanafunzi wa mabweni waliohimizwa kupiga picha vitu vya kumbukumbu walikubali kutoa vingi zaidi kuliko wenzao. Hata hivyo wanafunzi wale hawakuwa wakitibiwa ugonjwa huu. Kwa mtu kama wewe ningeweka mpaka, kwa sababu nimeona simu zikijaa picha elfu tatu za madaftari ambazo mwenyewe hathubutu kuifuta hata moja, na hapo rundo limehama tu. Piga picha za vitu 20 vya chumba kizima, uzioshe pale studio, uziweke kwenye albamu.

Suti za mzee zina njia yake, na njia hiyo wazee wetu waliijua kabla ya mshauri yeyote. Katika jamii nyingi za magharibi mwa Kenya, baada ya matanga jamaa hukutana na nguo za marehemu hugawanywa: huyu koti, yule viatu, mpwa kofia. Sijui ni nini kilizuia jambo hilo kwako, wala sikuulizi. Pengine ulikuwa umeumia mno usiweze kuwaona watu wakiondoka na nguo zake. Lakini hakuna aliyesema muda wake umepita. Mwite shemeji yako, au mpwa wa marehemu mwenye kimo chake, siku ya Jumamosi, umpikie, kisha umpe suti moja mkononi. Usimtume mtu, wala usiiache getini. Mpe wewe mwenyewe, umweleze aliivaa wapi. Ukisikia kwamba imevaliwa kanisani au kwenye harusi, utaona kwamba kuzika hakufanani na hivyo.

Kabla ya siku hiyo, fanya zoezi hili, ambalo huenda mshauri wako ameshakufundisha. Chukua karatasi, uandike kwa nambari, kuanzia 0 hadi 10, uchungu unaoutarajia suti ikishatoka mlangoni. Jioni hiyo andika uchungu ulioupata kwa kweli. Andika tena kesho yake, na tena baada ya juma moja. Sikuahidi kwamba nambari ya kwanza itakuwa ndogo. Ninachokijua ni kwamba kwa wengi nambari ya juma moja baadaye huwa chini sana kuliko ile waliyoitabiri, na mtu akishajionea hilo kwa mwandiko wake mwenyewe mara tatu au nne, woga hupoteza nguvu ya kumwamulia.

Koti la mvua usilitoe. Lisafishwe, lipigiliwe msumari wake nyuma ya mlango, mahali lilipokuwa likining'inia alipokuwa hai. Hilo ni maoni yangu, wala si kanuni ya tiba, lakini nadhani mtu anayetoa vingi anahitaji kimoja alichoamua kwa sauti kubwa kwamba hakitoki.

Leso ndizo zilizonifanya nitabasamu nilipoisoma barua yako, kwa sababu leso imekuja na jawabu lake. Doti ni leso mbili zilizofanana, na tangu zamani watu huzikata katikati wakagawana: mama na binti, dada na dada, mtu na rafiki yake anayesafiri. Doti 38 ni leso 76. Hakuna mwili unaovaa leso 76. Chagua doti unazozikumbuka bila kusoma maandishi yake, yaani ile ya harusi, ile uliyopewa ulipojifungua, ile uliyojifunga msibani. Hizo zikate, moja ubaki nayo, pacha wake umpe mwanamke ambaye ungependa akukumbuke. Utakuwa umetoa na hujatoa. Zile ambazo huzikumbuki mpaka uzikunjue, hizo hazikubeba mtu. Zilinunuliwa kwa sababu zilikuwa nzuri, na zitakuwa nzuri pia kwa mama aliyejifungua juzi katika wodi ya wazazi bila kitambaa cha kumfunga mtoto.

Fanya kazi hii asubuhi, nusu saa, kisha ufunge mlango ukanywe chai. Usiifanye usiku, wala siku za kumbukumbu ya marehemu, wala ukiwa na njaa.

Nimekiacha kikapu mwisho, nawe ukiache mwisho. Nguo za mtoto wa mwaka mmoja na miezi minne hazijazi chumba. Zioshe kwa mkono, zianike kivulini, uzikunje upya ndani ya kitambaa safi cha pamba, na kikapu kikae mahali pakavu ambapo wewe unapajua. Mtu yeyote asikupangie tarehe ya kukitoa, na mimi sikupangii. Nataka tu nikuulize jambo ambalo hukulisema: je, kuna mtu uliyewahi kuzungumza naye kuhusu binti huyo, jina lake, jinsi alivyocheka, jinsi alivyougua? Wakati ule wanawake wengi waliofiwa na watoto wachanga waliambiwa wanyamaze na wazae mwingine. Ikiwa ndivyo ilivyokuwa kwako, peleka kikapu hicho kwa mshauri wako siku moja, ukifungue mbele yake, mzungumze habari za mtoto na mwache habari za chumba. Huzuni iliyonyimwa maneno hutafuta mahali pa kukaa, na ninashuku kwamba ilikaa katika vyumba vyako.

Mwanao wa Nairobi anakupenda, lakini moto sio njia. Mwambie kwamba vitu vitatoka kwa mkono wako au havitatoka, kisha umpe kazi: aje wikendi moja kwa mwezi, asiguse kitu, abebe tu kile ulichokwisha kuamua, akipeleke siku hiyo hiyo kabla jua halijazama. Kitu kilichoamuliwa kikilala nyumbani, asubuhi huwa kimerudi kwenye rundo.

Kwako Mshauri,

Sisi ni ndugu watatu kutoka Section 58, Nakuru. Baba yetu ana miaka 74, alikuwa fundi wa magari, na nyumba na ua umejaa vipuri, betri, redio mbovu na magurudumu. Mwezi ujao anakwenda Nyahururu kwa majuma mawili. Tumepanga kukodi lori tusafishe kila kitu kabla hajarudi, akute nyumba safi. Je, ni vyema tumwambie kabla au tumwache ashtukie?

*Kifungua mimba, Nakuru*

Jibu

Ndugu yangu, nakusihi lori hilo lisije.

Naandika hivi nikiwa na deni. Nilipokuwa kijana, kabla sijasomea kazi hii, mimi na binamu zangu tuliisafisha nyumba ya shangazi yangu alipokuwa amelazwa hospitali. Tulifanya kazi siku mbili usiku na mchana, tukapaka na rangi. Aliporudi alisimama mlangoni, akaangalia sebule, akauliza kwa sauti ndogo, “Kibao changu cha mbuzi kiko wapi?” Kilikuwa kibovu, kimevunjika mguu mmoja, tukakitupa pamoja na vingine. Alikuwa amepewa na mama yake. Tangu siku hiyo hakumwamini yeyote kati yetu kumshikia hata mkoba, na kabla ya miaka miwili kwisha nyumba ilikuwa imejaa kuliko mwanzo, safari hii ikiwa na kufuli mbili. Tulichukua rundo, tukauacha ugonjwa, na tukaondoka na imani aliyokuwa nayo kwetu, ambayo ndiyo dawa pekee tuliyokuwa nayo mkononi.

Wataalamu wanaotibu tatizo hili wanasema vivyo hivyo: kusafisha kwa nguvu au kwa siri humletea mgonjwa mshtuko mkubwa, na vitu hurudi. Hakuna dawa ya vidonge iliyoidhinishwa mahsusi kwa ugonjwa huu. Matibabu yenye ushahidi mzuri ni mazungumzo ya kubadili fikra na mazoea, yale ambayo Randy Frost na Gail Steketee waliyaandaa huko Marekani, na huchukua vikao 26 hivi, vingine vikifanyika nyumbani kwa mgonjwa. Ugonjwa uliokua kwa miaka 30 hautibiki kwa majuma mawili ya Nyahururu.

Hamlazimiki kukaa kimya, lakini. Zungumzeni na mzee mkianza na usalama, kwa sababu hapo hamgombanii thamani ya vitu vyake. Njia ya kutoka kitandani hadi mlangoni ipitike gizani. Kitu chochote kinachoshika moto kiwe mbali na jiko na nyaya za umeme. Betri za magari zina asidi na risasi, kwa hiyo zitoke ndani zikae nje penye kivuli, mahali watoto hawafiki. Muulizeni yeye, aliye fundi, angezipangaje. Nimewaona wazee waliokataa kila ombi la watoto wao wakilikubali hilo, kwa kuwa waliulizwa kama mafundi na hawakuonewa haya kama wagonjwa. Baada ya hapo mwombeni mwende naye hospitali ya rufaa ya kaunti, mwonane na watu wa afya ya akili. Msonono hufuatana na ugonjwa huu mara nyingi, na pengine ndio utakaoonekana kwanza. Kwa wasomaji wa magharibi, hospitali za rufaa za Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu na Moi mjini Eldoret zinapokea wagonjwa wa aina hii.

Mshauri,

Nimeshapunguza vitu vyangu kwa nusu, na vile nilivyovipenda zaidi nimewapa dada zangu. Shida ni kwamba kila Jumapili napita soko la Kibuye, na sirudi mikono mitupu. Mabegi ya mitumba ndiyo yananishinda. Nifanye nini?

*Dada wa Kondele, Kisumu*

Jibu

Dada, nafasi uliyoipata kwa kutoa vitu ulivyovipenda inauma, na begi la shilingi 150 linaituliza kwa muda wa kutoka sokoni hadi stejini. Usijilaumu kwa hilo, lakini usiliachie. Kukwepa Kibuye maisha yako yote hakuwezekani, kwani hata mboga unanunua huko, kwa hivyo unapaswa kujifunza kupita.

Jumapili ijayo nenda na mmoja wa dada zako, mwachie yeye pochi na simu yenye pesa, ubaki na nauli tu. Nenda hadi kwa yule muuza mabegi unayemjua. Shika begi unalolipenda kuliko yote, ulifungue zipu, ulinuse, ulitie begani. Kisha ulirudishe mezani, usimame hapo hapo bila kuondoka. Tamaa itapanda, na utahisi kwamba ukiondoka hutaliona tena maishani. Endelea kusimama, uzungumze na dada yako kuhusu jambo jingine, na uangalie saa. Kwa wengi, ndani ya dakika 20 au 30 tamaa huanza kushuka yenyewe. Ikishashuka, nunueni mboga mrudi nyumbani. Jumapili inayofuata rudia, na ile ya tatu nenda na pochi yako mwenyewe, dada yako akiwa kando.

Muuza mabegi atakuuliza kama leo huchukui. Mwambie leo umekuja kumsalimu tu.